Goti la Vuai Kificho

Saa moja asubuhi, katika chumba kidogo cha hospitali mjini Chake Chake, Vuai Kificho amelala kifudifudi juu ya benchi, ameuma pindo la kikoi. Matano Jaribu, anayewafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, ameushika mguu wake wa kulia kifundoni, anaukunja taratibu. Goti linakataa.

"Pumua," Matano anamwambia. "Ukikaza mwili, tutapigana bure miye na weye."

Nje ya mlango ameketi mama yake Vuai, Bi Mwanawema, uso kaufunika kwa kanga. Haondoki, wala haingii.

Vuai, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, ni mchumaji karafuu wa Madungu. Alianza kukwea mikarafuu hajaota ndevu. Msimu uliopita, mwishoni mwa 1959, mvua ilikuwa imelowesha magome ya miti. Tawi likakatika akiwa juu kabisa, akavunjika mfupa wa paja. Alipelekwa Unguja kwa meli, akapasuliwa na kutiwa chuma.

Daktari aliyempasua alimwonya kwamba upasuaji ni nusu ya tiba. Asipolikunja goti kila siku, litaganda. Aliporudi Pemba, Matano akaanza naye, na makelele ya Vuai yakasikika mpaka barabarani.

Bi Mwanawema hakustahimili. Mumewe alikufa kwa kuanguka kutoka mkarafuu. Akamrudisha mwanawe nyumbani, akamlaza, akaufunga mguu kwa vibao usitikisike.

"Nilidhani namwuguza," anasema kwa sauti ya chini. "Kumbe namlemaza."

Mfupa uliunga, lakini vibao vilipofunguliwa goti lilikuwa gumu kama gogo na paja limenywea. Vuai akawa anauburuza mguu. Mwenye shamba aliyekuwa akimwita kila msimu akaahidiana na mtu mwingine kwa msimu ujao.

Tangu hapo hakusema na mama yake. Chakula alichomwekea alikila, kisha akageukia ukutani. Siku moja alichukua mkongojo, akatoka bila kuaga, akaenda kumtafuta Matano.

Matano hakumficha kwamba kilichopotea hakitarudi chote. Kila asubuhi humwekea gotini kitambaa cha maji ya moto, humwinulisha mguu ili paja lipate nguvu, kisha hulikunja. Wiki nyingine hupita goti lisisogee hata kidogo.

Leo kuna jambo jingine. Matano anakwenda Wete kwa wagonjwa wa huko na atakawia, na goti likiachwa litaganda tena. Anafungua mlango na kumwita Bi Mwanawema. Anamwonyesha pa kushika: mkono mmoja kifundoni, mwingine juu ya paja.

Mama anashika alipoonyeshwa. Vuai anapogumia, mama anataka kuuachia mguu.

"Usiniachie, mama," Vuai anasema, bila kugeuka. "Sukuma."

Bi Mwanawema anasukuma, machozi yanamdondokea mwanawe mgongoni. Goti linasogea, si zaidi ya upana wa kidole.

Baadaye, akijifuta jasho, Vuai anasema amekwisha kukata tamaa ya kukwea mikarafuu. Hata sala bado anaisali juu ya kiti. Anachoomba ni goti likunjike kiasi cha kukaa jamvini, ili msimu ukifika achambue karafuu, kuzitenga na vikonyo vyake, pamoja na wanawake na watoto, ale jasho lake mwenyewe.

Wachumaji wenzake watamcheka, hilo analijua.

"Wacha wacheke," anasema. "Miye nikae kwanza."