Buni Aliyoitema Zubeiri

Zubeiri, muuza kaniki na shanga pale Kiruruma, alikuwa na siri moja, na aliyemwambia ni Abdulrahim tu, swahiba wake aliyetoka naye pwani. Siku alipochanjiana udugu na Katabaro, Mnyambo mwenyeji wa huko aliyempa kiwanja cha kujenga, wazee walipaka damu ya Katabaro kwenye buni, punje ya kahawa, wakampa ameze. Huo ndio omukago. Ukimeza mmekuwa ndugu, na atakayemtupa mwenzake, au mtu wa nje atakayewatenganisha kwa nguvu, hufura tumbo akafa. Lakini damu ni haramu, jamani! Zubeiri aliificha ile buni shavuni, akaenda kuitema migombani.

Leo Katabaro alikuwa amejibanza nyuma ya majora ya nguo nyumbani kwa Zubeiri, anahema. Ng'ombe wa mkuu wa kijiji wamekufa, naye katajwa kuwa mlozi. Watu wa mkuu walikuwa mlangoni na mikuki.

"Mtoe," Abdulrahim alinong'ona. "Anatambikia mizimu huyo. Na wewe hukumeza, udugu gani?"

"Muuza nguo!" sauti ikaita nje. "Huyo ni ndugu yako wa omukago? Kama siye, tunaingia."

Zubeiri aliogopa, tena aliogopa hasa, maana nyumba ya nyasi huwaka upesi na mkewe Asia alikuwa ndani. Ghafla hasira zikampanda.

"Sikiliza, Abdulrahim. Aliyeniharamishia damu ndiye aliyeniamuru mshirikina akiniomba hifadhi nimpe, mpaka nimfikishe penye amani. Nishike amri moja, nyingine niitupe? We, ebo!"

Akatoka, akasimama kizingitini.

"Ni ndugu yangu! Kama mnamtaka, anzeni na mimi."

Wale watu wakatazamana. Nani alitaka laana ya omukago imwangukie? Wakarudi nyuma wakitukana, wakaenda kumwambia mkuu wao. Wangerudi wengi zaidi, hilo halikuwa na shaka.

"Twende mtoni nikuvushe," Zubeiri alimwambia Katabaro. "Ndugu yangu, siku ile mimi..."

Katabaro alifungua fundo la vazi lake la gome la mti, akatoa buni kavu, nyeusi.

"Niliiokota migombani siku ileile. Najua dini yako inakukataza," alisema. "Ila yenye damu yako, mimi niliimeza."