Mfungo wa Wiki ya Noeli

Nilifika Bwera, mji ulio mpakani na Kongo, nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilitoka Dodoma pamoja na mwinjilisti wa kanisa letu, kwa kazi ya miezi sita. Yeye alihubiri. Mimi nilipanga mabenchi, nilifundisha watoto nyimbo, na tulipozunguka nyumba kwa nyumba nilibeba Biblia nikakaa kimya. Kila mlango tuliobisha, niliomba moyoni maswali yote aulizwe yeye.

Nyumba moja tu ndiyo niliyokuwa na maneno ndani yake. Ilikuwa ya mama mjane aliyeishi nyuma ya vyumba tulivyopanga. Aliuza chumvi ya ziwa la Katwe siku za soko kule mpakani Mpondwe, na Kiswahili chake alikiokota kwa wateja wake wa Kongo. Yeye ndiye aliyenifundisha kula bundu, ugali wao wa muhogo. Siku ya kwanza nilitafuna kama ninavyotafuna ugali wa nyumbani, taya zikachoka na tonge likawa palepale. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mutoto yangu, bundu haina mufupa! Meza tu!"

Tangu hapo nilishinda jikoni kwake. Nilitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, yeye akiongea.

Alikuwa hajakanyaga kanisani miaka miwili, tangu amzike mume wake. Sababu aliniambia mara moja tu, amenipa mgongo, anachekecha unga.

"Siku ya kilio, batu ya kanisa balikuya. Balikula siku tatu. Kisha hakuna hata moja mwenye alirudia kuniuliza, mama, unalala namna gani?"

Nilimweleza mwinjilisti, naye, nisimnyime haki yake, alianza kwenda kumsalimu kila wiki. Siku nyingine alimbebea madumu ya maji kutoka bombani, na watu walimcheka kwa sababu alikuwa na tai. Desemba ilipofika, mama alisema atakuja kanisani siku ya Noeli. Lakini kwanza, alisema, mimi na mwinjilisti tule kwake, Jumamosi inayotangulia.

Wiki hiyohiyo mwinjilisti alitangaza mfungo, asubuhi hadi jioni, kuiombea ibada ya Noeli. Kwetu ndivyo tulivyozoea. Mwaliko niliujua, na mfungo niliujua. Niliona haya kumkumbusha mtu mzima, mtumishi wa Mungu, nikajiambia labda mama atapika jioni.

Alipika mchana. Tulikuta mkeka umetandikwa, bundu kwenye kikapu chake, samaki wa moshi ndani ya mchuzi wa karanga, na sombe. Samaki wale nilijua bei yao. Mama alikuja na birika la kutunawisha, na mwinjilisti akaweka mkono kifuani.

"Asante sana, mama. Leo tumefunga. Tutaomba tu."

Mama alisimama na birika lake.

"Munafunga juu ya nini? Karema iko mbali. Noeli inafungwa na nani?" Karema kwake ni Kwaresima.

"Tunaiombea siku yenyewe, mama."

"Na tumbo mutupu, ndani ya nyumba yangu?"

Aliweka birika chini. Akamega tonge, akalichovya, akameza. Akaonja samaki. Akaonja sombe. Nilijua maana yake. Kule mgeni akisita, mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu.

"Muone. Sijakufa."

Mwinjilisti hakuelewa. Alitabasamu, akainamisha kichwa, akaanza kuomba. Yeye alifumba macho, mimi sikufumba, na uso wa mama niliuona. Nikasogea kwenye birika, nikanyoosha mikono. Alininawisha bila kunitazama. Nikaanza kula, na mwinjilisti bado anaombea nyumba ile, ukoo ule na mji mzima. Aliposema amina, mimi mdomo ulikuwa umejaa.

Tulipofika njiani akasema, "Binti, umevunja mfungo."

Safari hii nilisema. "Mtumishi, ameonja chakula chake mbele yetu kama mtu aliyeshtakiwa. Mara ya kwanza kanisa lilikula kwake likasahau njia. Leo limekuja, halili. Sasa aje kwetu kufuata nini?"

Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Siku ya Noeli mama hakuja. Niliimbisha watoto huku nikitazama mlango, nikakosea ubeti wa pili. Baada ya ibada wazee wa kanisa walituita kwenye wali na nyama. Mwinjilisti aliwaambia tutachelewa kidogo. Akashuka kwa mama na tai yake, mimi nyuma. Mama alikuwa uani, anachambua maharage.

"Mama, nina njaa," mwinjilisti alisema.

"Kule habakupika?"

"Wamepika. Nimekuja kula kwako."

"Karema imeisha?"

"Imeisha. Nilikosea, mama."

Mama alichambua maharage kidogo tena. "Hapa hakuna kitu ya Noeli. Iko bundu ya asubui, na sombe."

"Hiyo hiyo."

Alimwacha amesimama juani, akamaliza ungo wake wote. Ndipo akanyanyuka kwenda kuchukua birika.

Mwinjilisti alikula akakomba bakuli. Mama akaketi kwenye kigoda na kuanza kumweleza habari za mume wake: jinsi alivyougua msimu wa kuvuna kahawa, na jinsi alivyokuwa akikataa kubebwa. Alisema muda mrefu. Mwinjilisti hakutaja andiko hata moja. Sombe ilimkaukia vidoleni, na wali wa wazee tuliukuta umeisha.

Jumapili iliyofuata mama alikuja, akakaa benchi la mwisho, akatoka kabla ya sadaka. Nilinyanyuka nimfuate. Mwinjilisti aliniona kutoka mbele, akatikisa kichwa kidogo kwamba nimwache aende; njia ya kwake sasa tuliijua.