Ukuta wa Jikoni

Mke wangu alipofariki, nilifanya kosa moja kwa nia njema. Kwetu Nyololo, kabla ya ibada ya shukrani inayofunga msiba, nyumba hupakwa upya, ili wageni wasikute nyumba ya kilio. Mimi ni mwinjilisti mstaafu. Sikutaka kwangu kuwe nyuma. Nilichota udongo mweupe bondeni, nikaanzia jikoni, kwenye ukuta uliokuwa mweusi kwa moshi kuliko kuta zote. Niliupaka kwa mikono yangu, nikiimba.

Binti yetu alifika kutoka Mbeya asubuhi ya ibada. Aliingia jikoni, akatoka upesi ameziba mdomo kwa kiganja.

"Baba, nani kapaka?"

"Mimi."

Baada ya ibada alipanda basi, na kwa zaidi ya mwaka hakurudi. Alipiga simu kila Jumapili: shikamoo baba, marahaba, umekula, nimekula. Hakuulizia nyumba, nami sikumuuliza nimemkosea nini. Nilimwomba Mungu amrudishe, nikangoja.

Kazi yake ni filamu, ila si za hadithi. Hupiga picha za vumbi, mvuke, kutu ya bati. Zamani aliwahi kunionyesha kwenye simu kutu tupu, dakika tatu nzima, nikamwambia Mungu alitupa macho ya kutazama watu. Mama yake alicheka. "Mwache mtoto. Wewe mwenyewe si unahubiri habari za asiyeonekana?"

Mwaka huu alinialika Mbeya, kwenye ukumbi mdogo wa mtaa wa Soweto, kutazama kazi yake mpya. Nilikwenda na mzee mwenzangu wa kanisa, ambaye hajawahi kukataa safari.

Ilikuwa mchana. Mapazia yalifungwa, na picha ikaanza kwenye shuka jeupe lililotundikwa mbele. Weusi. Weusi tu, unaong'aa kidogo, ukisogea polepole kama wingu la mvua. Kisha doa la kahawia lenye umbo la yai. Hapakuwa na mtu wala neno, ila mlio wa kuni zikipasuka motoni.

"Mwinjilisti," mwenzangu alininong'oneza, "mtambo umeharibika. Waambie."

"Tulia."

"Safari yote ile kuja kutazama giza? Giza si lipo hata Nyololo!"

Nilitaka kucheka. Lakini lile doa lilirudi, safari hii kwa karibu zaidi, nikaona lilikuwa laini, limesuguliwa kama mpini wa jembe la siku nyingi. Pembeni yake kulikuwa na mikwaruzo minne, na chini alama za vidole vyenye unga. Moyo ulijua kabla ya macho. Ulikuwa ukuta wetu. Pale penye doa ndipo mke wangu alipoegemeza mgongo, akiwa kwenye kigoda, akingoja maharage yaive, miaka arobaini. Mikwaruzo ilikuwa pale aliposhika ili ainuke. Hakuwahi kuniambia kwamba goti linamuuma. Ukuta aliuambia.

Mimi nilikaa upande wa pili wa moto ule miaka yote, nikimtazama usoni. Ukuta sikuwahi kuuona. Na sasa nauona, nikiwa nimeshaufuta.

Mwenzangu alinitazama, akanipa leso yake.

Taa zilipowashwa, binti yangu alikuwa amesimama mbali, karibu na mlango. Nilimwendea.

"Mwanangu, nisamehe. Nilidhani nafunika masizi."

"Najua, baba. Ndiyo maana nilishindwa kukulaumu, na nilishindwa pia kuja."

"Uliupiga picha lini?"

"Likizo yangu ya mwisho kabla ya msiba. Mama alinikuta, akasema, 'Piga tu, lakini usimwonyeshe baba yako. Atataka kupaka.'"

Tulicheka huku tunalia. Nyuma yetu mzee mwenzangu aliuliza kama chai ipo.

Binti yangu alikuja nyumbani wiki iliyofuata, bila kamera. Aliwasha moto jikoni, akavuta kigoda cha mama yake mpaka kwenye ukuta mweupe, akaegemea. Nilitaka kumwambia udongo ule utamchafulia gauni. Badala yake nikamshukuru Mungu, nikamsogezea kuni.