Wimbi la Siku ya Sita

Sipendi mtu anikatie njia. Dukani, kwenye tramu, popote pale. Kwa hiyo mjue mapema kwamba ninaposimulia habari ya lile wimbi, hasira bado ninayo, wala sioni sababu ya kuificha.

Mimi ni mtu wa Bujumbura, nilijua kuogelea ziwani kabla sijajua kusoma. Brussels ninakoishi haina bahari, lakini niliposikia kwamba hapa mtaani kwetu Saint-Gilles kuna klabu inayofundisha watu kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, nilijiandikisha siku hiyohiyo. Wenzangu kazini, tunakotunza wazee, walicheka mpaka wakachoka. Ati mama wa miaka arobaini na sita anatafuta nini huko. Nikawaacha wacheke. Majira ya baridi tulijifunza bwawani, kiangazi tukaenda pwani kwa treni.

Mwalimu wetu alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila Jumamosi: aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika, wimbi ni lake. Wengine wote wakae pembeni. Kumwingilia ni wizi. Neno wizi ni lake, si langu.

Hatimaye klabu ikasafiri kwenda Moroko, siku sita, kwenye rasi maarufu ambako wimbi huanzia miambani na kukimbia hadi ghubani. Likizo yangu yote ya mwaka niliiweka hapo. Nilitaka kitu kimoja tu: wimbi moja, kutoka miambani hadi mchangani, nikiwa nimesimama. Lakini watu walijaa majini kama soko la Jumapili pale Gare du Midi. Unangoja zamu yako, ikifika tu, mtu anakupita macho makavu na kulichukua wimbi. Siku tano nzima niliambulia maji ya chumvi.

Siku ya sita asubuhi nilifika majini kabla ya kundi kubwa. Nilikuwa karibu na miamba kuliko wote. Nikapiga mikono, nikasikia wimbi limeushika ubao, nikainuka. Mara mtu akashuka mbele yangu, ubao wake ukanikata njia, nikaangukia kwenye povu. Nilipoibuka niliona mgongo wake tu, anakwenda zake hadi ghubani. Alikuwa mwalimu wetu.

Ufukweni nilimwuliza. Akasema hakuniona. Akanigusa bega, akaniambia mawimbi ni mengi, yatakuja mengine. Yatakuja wapi, Brussels, mtaani Anderlecht? Ndege yetu ilikuwa mchana huohuo. Nikaanza kujiambia labda kweli hakuniona, labda hata sikuwa nimesimama, nilikuwa nimepiga magoti tu. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba nilijitilia shaka mimi badala ya kumtilia shaka yeye.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi mchana, klabu ilituita tutazame filamu za safari zikionyeshwa ukutani. Nilikwenda na rafiki yangu, mama wa Lubumbashi anayeuza vitenge kwenye barabara ya Chaussée de Wavre. Alifuata chakula cha klabu, na alisema hivyo waziwazi. Filamu ya mwisho ilimwonyesha mwalimu mwenyewe, amepanda wimbi refu, zuri, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Ule wa nyuma ni weye, hein?"

Nikasimama, nikaomba filamu irudishwe nyuma. Mwalimu akasema, bon, muda umekwisha. Nikasema irudishwe, tena polepole, na sikukaa mpaka mwenye kompyuta alipoirudisha. Hapo wote tukaona. Mwalimu anageuza kichwa, ananitazama usoni, halafu anashuka.

"Nilidhani utaanguka," alisema mbele ya watu wote, kama mtu anayeeleza jambo dogo.

"Lakini ulikuwa unasimama," rafiki yangu akaniambia. "Tena muzuri."

Nikaomba picha isimamishwe kabla mwalimu hajashuka. Nilikuwa pale ukutani, miguu yote miwili juu ya ubao, magoti yamekunjwa kama tulivyofundishwa, na mbele yangu hapakuwa na mtu mpaka ghubani. Nikamwambia mwalimu, kwa Kifaransa ili kila mtu asikie, aje asimame karibu na ukuta anionyeshe mahali ninapoanguka.