Yai la Ushindi na Banda la Gospava

Kijijini Belobreg kila mtu ana kuku, lakini wengi wanawaacha tu kuku wajilee wenyewe. Gospava hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa na kuku ishirini na watatu na jogoo mmoja mwenye majivuno, na tangu afiwe na mumewe, miaka sita sasa, hao ndio walikuwa wanamwamsha asubuhi na kumpa sababu ya kuvaa viatu.

Banda alilijenga mwenyewe kwa mbao za ghala lililoanguka. Alilinyanyua juu ya nguzo ili panya na unyevu vikose njia, akaweka madirisha ya wavu upande wa miti ya matunda, ile miplamu, na ule upande unakotoka upepo mbaya akauziba kabisa. Fito za kulalia zote zilikuwa kimo kimoja, maana alishaona kuku wakipigania fito ya juu mpaka wakatoana damu. Kila Jumamosi alibadilisha maranda, akapaka kuta chokaa, akajaza karai majivu makavu ili kuku waoge na utitiri ufe. Majirani walimcheka.

"Gospava, na mapazia utaweka lini?"

"Ukiyachoka ya kwako, niletee."

Mtu asiyempenda Gospava kwa jibu hilo, mimi sina la kumsaidia.

Uwanja ule ulikuwa wa nyumba mbili. Ng'ambo ya pili alikaa Obren, ndugu wa marehemu mumewe, na mkewe Milunka. Baba wa ndugu hao wawili alikufa bila kuugawa uwanja, na Obren alikuwa ameshalitolea macho lile banda. Pia alikuwa bingwa. Belobreg, siku ya Pasaka, watu wakitoka ibadani husimama uani kwa kanisa na kugonganisha mayai ya kuchemsha, ncha kwa ncha. Linalopasuka limetoka. Linalobaki zima, mwenye nalo ni bingwa mwaka mzima, na Obren alikuwa ameshinda mara nne mfululizo na hakumwacha mtu asahau.

Wiki mbili kabla ya Pasaka alikuja akasimama mbele ya banda, mikono kiunoni.

"Shemeji, hili dude lako limenikaa kooni. Hapa nataka kuweka tela la trekta."

"Uwanja ni wetu sote."

"Basi mayai yatugawie. Pasaka hii ukinivunja, banda likae mpaka lioze lenyewe. Nikikuvunja mimi, linabomolewa, na kuku wako waingie chunguni."

Damu ilimpanda Gospava kichwani. Mtu mwenye akili angecheka akaingia ndani, lakini yeye alinyoosha mkono. Walishikana, na Obren akamwita mkewe aje aukate mkono, maana dau lisilokatwa na mtu wa tatu si dau. Milunka alikuja na unga viganjani, akapitisha kiganja kati ya mikono yao bila kumtazama yeyote, akarudi jikoni. Likikatwa halirudi tena.

Hapo ndipo Gospava alipopata wazimu wake mtamu. Alikausha maganda ya mayai kwenye oveni, akayatwanga. Aliokota magamba ya konokono shamba zima, akayatwanga nayo, yote akawachanganyia kuku kwenye chakula ili watage ganda gumu. Alikuwa kwenye mfungo wa kabla ya Pasaka, haonji maziwa wala jibini, lakini kuku wake walikula jibini kila asubuhi huku yeye akitafuna maharage. Kuku mmoja alipoanza kutaka kuatamia, alimtoa kiotani mara kumi kwa siku. "Wee, siyo sasa! Utalea watoto mwezi ujao!"

Kila yai aliligonga taratibu kwenye meno ya mbele, akisikiliza. Ganda jepesi lina mlio wa chini, wa kuzubaa. Ganda gumu linalia juu, kama kijiwe. Siku ya Alhamisi kuu, yai la ishirini na kitu, meno yake yalisikia kitu ambacho hayajawahi kusikia. Aligonga tena. Akagonga tena! Alitoka bandani mbio, yai kalikumbatia kifuani, akazunguka uwanja akicheka peke yake na jogoo akamkimbia. Lilikuwa yai kubwa, zuri, la kuku mzee kuliko wote.

Kesho yake, Ijumaa, siku ya kupaka mayai rangi, Milunka alikuja na bakuli tupu chini ya aproni.

"Dada, nisaidie hata kumi. Wa kwetu hawatagi. Obren kawafungia kwenye kibanda cha bati, giza mchana na usiku, na mimi nikisema naambiwa sijui kitu."

"Kuku asiyeona mwanga atage nini?" Gospava aliguna. Lake alishalipata, roho ilikuwa nyeupe. Aliingia bandani akakusanya yaliyotagwa asubuhi ile, mengine madogo ya kuku wachanga walioanza kutaga juzijuzi, bado ya moto. Hakugonga hata moja menoni. Akampa kumi na mawili.

"Usimwambie yalikotoka," Milunka alisema.

"Mimi na Obren tutaongea nini?"

Pasaka ilikuja na jua. "Kristo amefufuka!" "Kweli amefufuka!" na kabla watu hawajamaliza kubusiana, duara lilishafungwa uani kwa kanisa. Mwamuzi alikuwa mzee Tihomir, mpiga kengele, aliyeonja kila yai kwa meno yake asije mtu akaleta la mti au la kanga.

Gospava alivunja la kwanza, la pili, la tano. Watu walianza kupaza sauti. Alivunja la saba. Upande wa pili Obren naye aliangusha watu kama mchezo, mpaka wakabaki wawili. Kura ikamwangukia Obren agonge. Gospava alilishika lile yai lake kubwa, ameacha ncha tu ionekane. Yai la Obren lilikuwa dogo, jekundu kwa rangi ya maganda ya vitunguu.

"Shika vizuri, shemeji, usije ukasema nimekuonea."

Kah!

La Gospava lilipasuka.

Aliliona banda limelala chini, kuku wote wamening'inia kwa miguu. Machozi yalikuwa njiani kabisa. Kisha akamwona Milunka ukutani, amejiziba mdomo kwa kitambaa, uso umemwiva, na mara akajua.

"Ni langu!" Gospava alipiga kelele, akaruka. "Jamani, yai ni langu! La kuku wangu!"

"Shemeji, ukishindwa kubali," alisema Obren.

"Obren, ni la kwake," Milunka alisema, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka kwake. "Yote kumi na mawili. Wa kwetu hawajataga tangu mwezi wa kumi na moja."

Duara zima lilipasuka kwa kicheko. Mzee Tihomir alisubiri watulie, akasema kanuni ni kanuni, unashinda mkono ulioshika yai. Obren aliinua kidevu.

"Mkono ni wangu. Na dau lilikatwa."

Bingwa lazima alimenye yai lake na alile mbele za watu. Alilila bila chumvi, macho chini.

Jumatatu asubuhi alikuja na mtaimbo. Gospava alisimama mlangoni pa banda, hakusogea. Obren alichungulia juu ya bega lake. Miaka yote ile hakuwahi kutia kichwa mle ndani. Alitazama chokaa, viota, kuku wakijirushia majivu.

"Ni yupi?" aliuliza.

"Yupi nini?"

"Aliyetaga lile. Nimegonga mayai miaka thelathini, sijapata kuona ganda vile."

"Sijui. Wale wachanga wako sita, walitaga wote asubuhi ile. Lazima wafuatwe mmojammoja, yai kwa yai."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Pasaka nyingine, labda."

"Na wakihamishwa?"

"Kuku ukimbomolea nyumba hatagi, shemeji. Na akitaga, ganda lake karatasi."

Obren aliwatazama tena kuku. Kisha akauegemeza mtaimbo kwenye mplamu.

"Wafunge alama miguuni," alisema. "Na ukimjua, uniambie mimi kabla ya mtu yeyote."

"Nitakwambia," alisema Gospava, na hakuwa na nia hiyo hata kidogo.