Nani Amekufundisha?

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa siasa Karatu. Jumamosi moja basi la kupanda Ngorongoro lilisimamishwa kizuizini. Askari akaingia, akatupita sote, akasimama mbele ya bibi wa Kimaasai aliyejifunga shuka ya lubega.

"Kibali kiko wapi?"

"Kibali cha nini, baba? Naenda kwangu Nainokanoka."

"Shuka chini!"

Bibi akaanza kukusanya vifurushi vyake. Sisi wenye suruali tukatazama dirishani. Ndipo akasimama binti wa darasa langu la saba, aliyekaa mbele yangu.

"Afande, mbona sisi hujatuuliza? Watu wote ni sawa."

Yalikuwa maneno yangu ya ubaoni, vilevile. Askari akamsogelea, rungu mkononi.

"Nani amekufundisha hayo?"

Niliona shingo ya binti ikikakamaa. Hakugeuka kunitazama.

"Nimesahau jina lake."

Askari akatutazama usoni mmoja mmoja, akasonya, akashuka. Bibi akabaki kitini.

Leo kila mkubwa anahimiza vijana wafundishwe haki zao. Wafundishwe, sawa. Mimi nilifundisha vizuri sana, kwa chaki. Jumatatu binti alinisalimu mlangoni kama kawaida: "Shikamoo, mwalimu."

Niliitikia marahaba nikitazama dirishani.