Viputo vya Tangi la Baba

Tangu tumzike baba, Mungu amrehemu, matumbawe ya tangi lake la maji ya bahari yanafifia, na fundi anayeyatunza huingia sebuleni akinyata kana kwamba kuna mtoto aliyelala. Kwa vidole vilivyochakaa kwa chumvi hujaza mtungi vipande vya matumbawe mafu, kisha hupitisha gesi ile ya soda, viyeyuke, vidondoke tangini kuyalisha yaliyo hai. Jana viputo vya gesi vilimkaidi, mara mbio, mara kimya.

“Mzee alivipimaje, mama?” fundi akauliza.

“Kwa mapigo ya mshipa wangu, mwanangu. Wake, alidai, una kiherehere.”

Mama akanyoosha mkono. Fundi akaushika, huku akilegeza koki kidogo kidogo, mpaka viputo vikaenda na mapigo yake. Hakuuachia upesi. Nikajikuta nimesema amina, kana kwamba ilikuwa dua.